Mafuta Mawili

Lugha yetu ina uvivu wake, Asumini:
kinachotoka kwenye ganda la korosho ni mafuta,
kilichojikunja kiunoni mwangu tangu nimzae Fadhila
nacho ni mafuta.
Yale yalinila shavu.
Haya, unasema, huenda yakalirudisha.

Ilikuwa Novemba, hapa hapa Newala, kiwanda cha mabati
ambacho siku hizi wanafugia kuku.
Pipa la kukaangia lilipasukia upande wangu.
Sikulia. Nililia siku ya tisa,
kioo kiliporudi kutoka kwa jirani.

Mama yangu alichanjwa uso akiwa binti,
mistari ya pembe pembe, mkaa ukasuguliwa ndani,
akatoka amependeza hata watu wa Kitangari
wakauliza ni mtoto wa nani.
Kovu langu watoto wanaliita "ramani".

Nawe, na koti lako jeupe la chuo,
umeketi kwenye kigoda unachora mchangani kwa kijiti:
hili tumbo, huu mrija wa kunyonya,
hii mashine ya kuzungusha
mpaka mafuta yaelee na seli zizame.
Seli shina, ukasema. Nikauliza, shina la nini?
Ukatafuta mfano, ukaupata:
"Shangazi, hao ni wali.
Si wa sufuriani, wa unyagoni.
Bado wamo ndani, hawajaambiwa watakuwa nani.
Ukiwapeleka kwenye ngozi, majirani ndio huwafunda."

Nimelala na maneno hayo.
Kwamba ndani ya kitambi hiki wanachokitania mawifi
kuna wasichana maelfu gizani, vichwa vimeinama,
wanasubiri somo.

Je, wakifundwa vibaya? Je, wakigoma kutoka?
Ulinyamaza. Ukasema bado wanachunguza,
wengine hupona vizuri, wengine hubaki na uvimbe,
na si kila anayetangaza anajua.
Yule wa stendi ya Mtwara na vikopo vyake vya dhahabu,
"seli shina, ujana kwa siku saba",
anauza vazelini na marashi.
Seli hai haikai koponi.

Na bei? Ukataja bei.
Nikaigeuza magunia: mnada wa kwanza, toa makato ya chama,
toa deni la salfa.
Misimu minne, mikorosho yote thelathini,
na ubwiriunga usiguse hata ua moja.

Ukanionyesha kwenye simu mabibi wa mijini,
nyuso zisizo na jeraha.
Wanatoa tumboni, wanajaza shavuni,
kama mtu anayehamisha unga debe hadi debe
wageni wakaribiapo.
Siwacheki. Kila mtu na njaa yake ya kioo.
Ila mwaka ule tulioishi kwa ming'oko
sikuwa na mafuta ya kumkopesha hata paka.
Leo ninayo, ya kuchagua niyapeleke wapi.
Mama hakuuona urembo huo.

Usiku nimelifinya tumbo chini ya khanga,
polepole, kama anayebisha hodi nyumba ya mwali.
Hawakuitika. Ndivyo wanavyofundishwa.

Kuhusu ile orodha ya daktari wenu:
andika jina langu.
Kwa penseli, lakini.