Sekunde Kumi na Moja

Walimwomba Mumbua avuke tena;
mara ya kwanza jua lilikuwa mgongoni mwake.
Akavuka. Godoro kichwani, Mto Ngong kiunoni,
na kijana wa kamera juu ya tofali,
viatu vikavu.

Saa tatu usiku tukajazana kwa kinyozi Mutisya,
penye televisheni na umeme wa kuungaunga.
"Huyo! Huyo!" Tukapiga makofi.
Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu.
Kisha bwana wa tai, ramani nyuma yake,
akasema tabianchi, akasema nyuzi joto,
akasema wakazi wa Mukuru wahame,
asiseme wapi.
Halafu mpira.

Mumbua hakuuliza habari za nyuzi.
Aliuliza ukuta uko wapi,
ule uliopandishwa Januari juu ya mkondo,
aliounyooshea kidole
mara zote mbili,
godoro likimlemea shingo.

Mutisya akapunguza sauti.
Mabati yakaanza kuongea, tone, tone, kisha yote.
Mtu akamfariji: labda kesho watarudi.

"Na warudi," akasema, akitafuta kandambili zake mlangoni.
"Nitauegemea huo ukuta.
Wakiukata, wanikate nami."