Sura ya Tisa

Velta anachapa riwaya ya mumewe,
Riga, theluji imeziba nusu ya dirisha.
Kila ukurasa anamsaka yule mwanamke:
kicheko chake, kile kipini cha nywele
alichokiokota mwaka juzi garini.

Hayumo.

Sura ya tisa, mke wa kitabuni
anaaga kila Jumanne, aenda kwa daktari wa meno.
Anashuka tramu kituo kimoja kabla,
anapanda hadi ghorofa ya nne
kwa fundi wa piano
asiye na kidole gumba.

Meno ya Velta ni mazima yote.

Chumba cha pili Imants anakohoa,
anauliza kama chai ipo.
"Inachemka."

Anaurudia mstari, anasahihisha:
si ya nne.
Ya tano.