Arobaini ya Tangi

Nilianza kwa kosa la usafi.
Tangi la kioo, lenye ufa pembeni ulioziba kwa gundi,
nililisugua kwa sabuni, nikalisuuza mara saba,
nikalijaza maji ya mfereji mpaka shingoni,
na chini nikapanga vipande vya tumbawe
nilivyookota kwenye gofu nyuma ya nyumba yetu, Langoni.
Barke akawapa samaki majina:
Kidani, Shungi, Bwana Mrefu,
na Yule Mwengine (hawa walikuwa watatu).

Alhamisi walikuwa sita.
Jumapili wawili, midomo juu ya maji,
kama wenye neno na neno limewakwama.

Nikayatazama maji.
Rangi haijabadilika. Harufu hakuna.
Nikachovya kidole nikalamba: ladha ni ile ile.
Chuoni tulifundishwa sifa hizi tatu,
na kwa hizi tatu ningetawadha, nikasali bila wasiwasi.
Basi maji yanayonitosha kusimama mbele ya Mola
yamemshindaje samaki wa shilingi hamsini?

Shemeji yangu Mwanamkuu hupima damu na mikojo hospitali.
Alikuja na vichupa mkobani, akatia matone, akatikisa.
Maji yakageuka kijani cha ndimu.
"Amonia," akasema. "Wanakojoa mumo kwa mumo
na hukuwaachia wa kuwafagilia.
Na mawe yako haya! Tumbawe ni chokaa,
chokaa huyavuta maji upande wa magadi,
na kwenye magadi amonia ile ile huuma zaidi."
Kuna vijidudu, akanieleza, huila amonia wakaacha nitriti,
nayo ni sumu vilevile;
kisha huja wengine, wazito wa kufika,
huila nitriti wakaacha kitu kisicho na haraka ya kuua.
"Uliowafukuza kwa sabuni ndio hao."

Wawili waliosalia tukawapeleka kwa mama, msalani,
kwenye birika lisilojua sabuni.
Chini yake pana kombe la kaure, limejengewa humo
tangu mama hajazaliwa,
ili maji yakipungua samaki wapate pa kungojea.
Wa pale hawana majina. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu.
"Na hili si la chokaa?" nikauliza.
Mwanamkuu akasema, "Chokaa haiui peke yake."
Ukutani mwa birika pana utelezi
ambao mama huuonea haya wageni wakija.
Niliukwangua kwa kijiko, nikautia kikombeni,
nikaubeba njia nzima kiganja juu yake
kama mtu apelekaye uji kwa mgonjwa.

Mzazi ana arobaini yake, mfiwa ana yake.
Nikaona na tangi lihesabiwe.
Maji mapya yalilala ndooni wazi, klorini iyatoke.
Kila asubuhi nilitia chembe za chakula mahali pasipo mtu,
zioze taratibu.
Jirani, Bunu, akachungulia dirishani:
"Wamlisha nani?"
"Wanaokuja."

Barke aliandika kwenye daftari la hesabu.
Siku ya tisa: kijani.
Ya kumi na saba: kijani kimechoka, lakini kichupa cha pili
zambarau tupu.
Ya ishirini na tano: zambarau. Akachora uso uliokunja ndita.
Ya thelathini na nne: huku manjano, huku samawati,
rangi za maji yasiyodaiwa.
Nilitaka tungoje zitimie arobaini.
Barke akasema maji hayajui kuhesabu.

Tukaenda birikani kuwachukua wetu.
Aliinama, akaita, "Shungi!"
Samaki kumi na mmoja wakageuka wote.
Tukachota wawili, wowote,
naye amewapa majina yale yale.

Siku hizi sifongo la kichujio
nalikamua ndani ya maji yake yenyewe,
na uchafu kidogo nauacha.
Ule ufa umeanza kutona.
Nimetega bakuli chini.