Kigae cha Mlangoni

Mama Chilewa, usinilaumu mimi.
Nilikwambia: hii ni mbao, na mti
haufi wote ukipasuliwa.
Ukataka mabomba ya maji moto chini yake,
Juni ya Ipagala inamuuma bibi miguu.

Sasa ona. Joto likakausha mbao, zikasinyaa;
mvua ya Januari ikazinywesha, zikavimba.
Kigae hakijui hayo.
Kinajua kukaa,
na kikishindwa kukaa, kinapasuka.

Nagonga kwa mpini wa mwiko:
ko, ko, ko,
bo.
Hapo gundi imeachia.

Nitabandua, niweke tabaka la kati,
viheshimiane kama mtu na mkwewe.
Ila hiki cha mlangoni bibi hataki kiguswe.
Anakikanyaga kila alfajiri.
Anasema kinamwitikia.