Vijiko vya Wizi

Saa kumi na moja alfajiri mabati yangu hubishwa.
Kwamboka huwa wa kwanza, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.
Hunikabidhi Bosire angali usingizini, furushi la joto,
na kikombe cha maziwa aliyoyakamua gizani,
kifuniko kimefungwa uzi mwekundu
nisije nikakichanganya na cha mwingine.
"Mpe saa nne. Yakibaki, saa saba."
Kisha Barabara ya Lunga Lunga humchukua hadi kiwandani,
na huko, mbele ya cherehani, blauzi yake hulowa
kila Bosire aliapo huku kwangu.
Mwili una simu yake, haihitaji vocha.

Nalea kumi na wanne, chumba cha futi kumi kwa kumi,
shilingi hamsini kwa kichwa,
na asiye nazo huniambia kesho.
Daftari langu limejaa kesho.

Kila mtoto huja na mkebe, na mkebe haufichi siri.
Nikiufungua naiona nyumba nzima, mpaka chini ya kitanda:
wa Halkano, uji mzito wa wimbi, karanga zimesagwa ndani, baba ana duka;
wa Nasimiyu, chai ya rangi na andazi lililovimba kwa kulowa;
wa Kerubo, Jumatatu ile, ulikuwa mtupu.
Umeoshwa, umepanguswa, umefunikwa vizuri.
Mama yake hakutaka majirani waone bintiye akija bila mkebe.

Basi naungama: mimi ni mwizi.
Vijiko viwili vya Halkano, kwa Kerubo.
Kimoja, kwa Nasimiyu.
Pengo nililijaza maji moto, nikakoroga.
Halkano alinitazama tu; maneno yalikuwa hayajamfikia.
Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema.
Hawakusema nimlee kwa unga wa nani.

Mwezi wa nne Gakii wa zahanati alikuja na utepe wa rangi tatu.
Aliuzungusha mkono wa kila mmoja, kati ya bega na kiwiko.
Kijani. Kijani. Manjano. Kijani.
Kwa Kerubo utepe ulikaza, ukapita manjano,
ukaendelea kukaza kama unaotafuta mfupa.
Nyekundu.
Nilidhani nywele zake zimepauka kwa jua.
Jua gani? Chumba hiki hakina dirisha.

Halafu Halkano: manjano.
Gakii akapekua kadi. "Januari huyu alikuwa kijani. Hula nini?"
"Uji wa wimbi na karanga," nikajibu.
Ilikuwa kweli,
kweli iliyopungua vijiko vitatu.

Jioni nilimwambia mama yake, Tume, palepale mlangoni.
Hakupaza sauti. Aliuchukua mkebe, akautazama ndani
muda mrefu, kana kwamba una kina.
Siku mbili hakuja. Ijumaa akaja:
mkebe uleule, uji uleule, umefungwa kwa kitambaa, mafundo matatu.
Sikumlaumu. Niliyafungua Halkano akiwa mapajani mwangu,
nikamlisha mpaka kijiko kikakwaruza bati.
Kerubo sasa ana pakiti zake za zahanati, huzilamba hadi pembe.
Nasimiyu hutazama.

Kikombe cha uzi mwekundu sijawahi kukigusa.
Ila wiki hii kimekuja nusu, na leo chini ya nusu.
Nimemuuliza Kwamboka jana mchana alikula nini.
Akacheka. "Chai."
Akainama kufunga kiatu.

Kila mtu huuliza mtoto amekula nini.

Nimebandika maharage tangu saa tisa,
nimetia kitunguu na majani ya kunde.
Akija kumchukua Bosire atakaa hapa, juu ya ndoo hii niliyoipindua,
na atamaliza sahani mbele ya macho yangu.
Haya ni yangu.
Sikuyachota kwa mtu.