Pambizo

Kabla hatujachora hata mstari mmoja wa jarida letu
Kalunde alisema: kwanza tuyapasue ya wenzetu,
si kwa mkasi, kwa macho.
Tukayamwaga sakafuni, Isevya, chumba cha uani,
majarida kumi na manne ya muziki
kutoka sanduku la bati la marehemu baba mdogo,
yananuka tumbaku na mende,
mengine yameliwa kona na mchwa,
ambao nao, ukiwatazama vizuri, walijua kupanga ukurasa:
wamekula pembeni, safu wameziacha.

Rula ya sentimita thelathini. Penseli. Daftari.
Nikapima.
Jina la jarida: juu kushoto, jekundu, unene wa vidole viwili.
Kichwa cha mwimbaji kimeifunika herufi ya tatu
na bado unalisoma,
kama unavyomjua jirani kwa kikohozi nyuma ya ukuta.
Safu tatu. Kati ya safu na safu, milimita saba,
unene wa penseli yenyewe.
Herufi ya kwanza ya makala imeshuka mistari minne,
mgeni kapewa kigoda, wenzake mkekani.
Nikaandika: kubwa inaanzisha, ndogo zinaitikia.
Kalunde akasema, usinifanyie ushairi, andika namba.
Nikaandika namba.

Ukurasa wa kumi na sita hauna kitu
ila gitaa moja, dogo, chini kulia.
Wamechezea karatasi, nikasema,
mimi niliyefunzwa kuandika mpaka ukingo wa mwisho wa daftari
kwa sababu daftari ni hela.
Hapana, akasema. Hapo bendi nzima imenyamaza,
gitaa linaanza peke yake.

Treni ya Mpanda ikapiga honi. Rula ikatikisika.

Ndipo tukafika katikati, penye pini mbili za kutu:
picha ya kurasa mbili,
bendi ya hapa hapa Tabora, suti nyeupe, wanaume sita.
Kalunde akapima pambizo: chini sentimita mbili,
juu moja na nusu,
kulia hakuna. Picha imekwenda hadi ukingoni.
Na pale ukingoni, mkono.
Mkono tu, kuishia kifundoni, bangili tatu,
kiganja kimetua juu ya ngozi ya tumba.
Chini ya picha, kwa herufi za kusomwa na sisimizi,
wametaja majina. Sita.
Nikahesabu mikono. Kumi na tatu.

Mama alikuwa anachambua maharage.
Hakutafuta hata miwani.
Huyo Nyamizi, akasema, anayeuza asali pale sokoni,
upande wa ndoo za plastiki.
Nikauliza, kijinga, kama alikuwa hajui kupiga.
Alikuwa anapiga, mama akasema,
akatupa kokoto uani,
mpaka wenye suti wanasahau walikuwa wapi.

Kalunde alikaa kimya, penseli mdomoni.
Labda karatasi haikutosha, akasema.
Labda mkataji alikuwa na haraka.
Labda. Mimi mwenyewe asubuhi ile
nilishapanga kumkata mpiga kayamba wa kwaya ya Kanyenye
ili kichwa cha habari kikae vizuri.
Kilikuwa kinakaa vizuri sana.

Jarida letu: kurasa nane, nyeusi na nyeupe,
fotokopi kwa Hamduni, ambaye mashine yake
huacha mstari wa kijivu upende usipende.
Jina bado.
Safu mbili, tatu zinabana.
Pambizo la kulia, sentimita nne.
Kalunde anasema ni pana mno,
msomaji atadhani tumekosea kupima.
Ninaliacha.

Jumamosi tunakwenda sokoni na simu yenye kamera.
Akikubali. Huenda asikubali,
huenda atatuuzia asali tu na kutuuliza chenji.
Lakini mpiga picha nimeshamwambia:
rudi nyuma hatua moja,
halafu rudi tena.