Vijiko vya Bi Nyamizi

Mimi huoka mikate usiku. Isevya nzima wanaijua zamu yangu:
naingia tanuruni saa tatu, natoka adhana ya alfajiri ikiisha,
unga kwenye nyusi, amira kwenye kucha,
na kitanda kinanisubiri kama mdai.

Ndipo vinapoanza.

Vijiko. Vya chai, vya mchuzi, upawa mmoja wa pilau,
vifuniko vya birika, uma uliopoteza jino,
vyote vimetungwa kwa waya wa simu
kwenye kenchi ya baraza ya Bi Nyamizi,
hatua saba toka mto wangu.

Alikuwa na mgahawa karibu na stesheni.
Wa kwenda Mwanza na wa kwenda Kigoma
walikunywa supu yake wakingoja mabehewa yaunganishwe.
Alipoufunga aliuza meza, akauza masufuria,
vijiko akavitundika.
Mapambo, anasema.
Baraza tupu ni bibi harusi asiye na hina.

Upepo wa Agosti haubishi hodi.
Ting', ting', kacha, ting',
kisha kimya cha kunihadaa,
kirefu kiasi cha kuanza ndoto,
kisha upawa:
ngwaa!

Nimejaribu.
Pamba masikioni: nikausikia moyo wangu, nao unagonga vijiko.
Nikahamishia kitanda ukuta wa pili:
huko kuna jogoo wa akina Shigela.
Nikawasha redio, kelele imeze kelele.
Mwanangu akasema, baba, sasa ziko mbili.
Kalekwa, mke wangu, akanishauri nihesabu mikate.
Nikahesabu. Kila nikifika mia
mmoja unadondoka, unalia.

Juzi nikachukua koleo.
Saa sita mchana, kifua wazi, nusu ya usingizi bado machoni,
nikauvuka ua wa minyaa, nimeapa kukata waya, liwalo na liwe.
Kumbe yupo. Amekaa kigodani chini yao,
uso juu, anatazama.
Sikupata pa kulificha koleo.

"Bi Nyamizi, vinalia."
"Eh?"
Nikasogelea sikio la kulia, ndilo lenye mabaki:
"Vijiko! Vinalia!"
Alinikodolea kana kwamba nimemwambia kuku wake anasoma gazeti.
"Vinalia?"

Miaka minne, akanieleza, tangu ile homa
iondoke na masikio yake.
Wateja wakaitisha chapati, yeye akaleta chai;
ndiyo sababu ya kufunga.
Hivi alivitundika avitazame.
Jua likivipiga vinamwaga vimulimuli ukutani,
na kimoja, kila siku saa hizi,
hutambaa hadi kwenye picha ya marehemu, kikamgusa shavu.
Kwamba vina neno, hakujua.

Kisha akauliza, macho yakiwa ya mtoto mbele ya duka:
"Vinaliaje?"

Ningeweza kusema: kama ugomvi wa jikoni.
Kama meno ya bandia ndani ya bakuli.
Haki hiyo ninayo, nimeilipia kwa macho mekundu.
Nikaweka koleo chini, nikaomba kiganja chake,
nikamgongea kwa ncha ya kidole:
kidogo, kidogo, kidogo,
nikangoja, nikangoja,
halafu upawa, kwa ngumi, taratibu.

Alicheka hadi kilemba kikamponyoka.
"Ndivyo palivyokuwa," akasema, "treni ikiingia."

Sikulala siku ile, na si kosa la upepo.

Leo alfajiri narudi na unga wangu nyusini,
namkuta juu ya ngazi, ananipungia.
Ametoa sinia. Lile la shaba, la karamu,
la kulisha watu wanane.
"Nimekuongezea!" anapaza,
kwa sauti ya mtu asiyejua kipimo chake,
na mbwa wa mtaa mzima wanamwitikia.

Nami, Mungu anisamehe,
nikamshikia ngazi.